Kukoroma na Pumzi Kukatika Usiku: Madaktari Walijuaje, na Sisi Tuulize Nini



Nikigusa habari ya kukoroma katika mikutano ya vikundi, watu hucheka. Akina mama hucheka zaidi, maana wao ndio hukosa usingizi. Mmoja atasema mzee wake husaga mahindi usiku kucha, mwingine atasema afadhali angeolewa kando ya mashine ya posho. Kicheko kikiisha na watu wakianza kutawanyika, mara nyingi kuna mama atakayebaki nyuma na kuuliza polepole: "Na kama anakoroma halafu ananyamaza kabisa kama amekata roho, kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, hiyo nayo ni nini?"

Huyo ameuliza swali la maana kuliko yote ya siku hiyo. Kuna ugonjwa wa namna hiyo. Hospitalini huitwa apnia ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala. Umefanyiwa utafiti mwingi kwa zaidi ya miaka 50, na utafiti huo unatufundisha pia jambo lingine ambalo vikundi vyetu hukutana nalo: watafiti wanapokuja kijijini na fomu zao wakitaka watu wa kushiriki, tuwakubalie au tuwakatalie? Nitaanza na ugonjwa wenyewe.

Kinachotokea usiku

Njia ya hewa kooni si ngumu kama bomba la chuma. Ni laini. Mchana misuli huishikilia iwe wazi, lakini tukilala misuli hulegea na ulimi hurudi nyuma. Njia ikibaki nyembamba, hewa hupita ikitikisa nyama za koo, na huko ndiko kukoroma. Ikifunga kabisa, hakuna hewa inayoingia hata kama kifua kinahangaika kupanda na kushuka. Chukua mrija laini wa kunywea soda, uuzibe upande mmoja kwa kidole, kisha unyonye kwa nguvu. Utauona unabonyea na kushikana. Koo la mgonjwa hufanya hivyo.

Hewa ikikosekana, oksijeni katika damu hushuka, na ubongo hupiga kengele. Mtu anaamka kidogo tu, sekunde chache, anavuta hewa na kulala tena. Asubuhi hakumbuki chochote. Madaktari huhesabu kila mara pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi, na pia mara inapopungua sana. Ikitokea chini ya mara 5 kwa saa, hilo ni la kawaida. Ikipita mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Piga hesabu: mara 30 kwa saa, kwa usiku wa saa 7, ni mara 210 mtu anaamshwa bila kujua. Huyo atawezaje kuwa na nguvu za kulima asubuhi?

Basi mchana anasinzia. Anasinzia kanisani, anasinzia katika baraza la chifu, na kama ni dereva wa matatu au wa lori, anasinzia kwenye usukani. Anaamka na kichwa kinauma. Usiku anaamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Anasahau, anakasirika haraka. Presha yake haishuki hata akimeza dawa vizuri. Watu wa nyumbani humwita mvivu, wengine husema amelogwa, wengine husema ni jinamizi. (Jinamizi ni jambo lingine: pale mtu anaamka akili ikiwa macho lakini mwili haujaweza kusogea. Kunatisha, lakini pumzi haikatiki.)

Wanene, hasa wenye shingo nene, hupatwa zaidi. Wanaume hupatwa kuliko wanawake, ingawa wanawake waliokoma hedhi nao huanza kuwafikia. Lakini msidhani mtu mwembamba yuko salama. Wengine wana taya dogo lililorudi nyuma, na njia yao ni nyembamba tangu kuzaliwa. Pombe ya jioni na vidonge vya usingizi huzidisha, kwa sababu hulegeza misuli.

Mapafu yanaingiaje hapa? Fikirieni mwanachama wa meri-go-raundi asiye na akiba hata kidogo. Mwezi mmoja mbaya unamwangusha. Mtu ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara, na moshi wa jikoni wa miaka mingi, au yamebaki na makovu ya TB ya zamani, analala akiwa na akiba ndogo ya oksijeni. Sisi sote tukilala tunapumua kidogo kuliko mchana. Kwa mwenye mapafu mazima hilo si kitu, lakini kwake oksijeni inaweza kushuka sana hata kama koo halijafunga. Akiwa na magonjwa yote mawili, mapafu na koo, moyo ndio unaobeba mzigo huo usiku kucha.

Kutoka kutoboa koo hadi hewa ya mashine

Ni mwaka 1965 tu ambapo madaktari wa Ufaransa, na wengine wa Ujerumani, walimlaza mtu huku wakipima ubongo na pumzi yake kwa pamoja, na wakaona wazi pumzi ikikatika tena na tena. Jina la ugonjwa lilienea mwaka 1976 kutoka chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Kabla ya hapo mgonjwa aliambiwa ni unene tu. Tiba ya maana iliyokuwapo kwa mgonjwa mahututi ilikuwa kumtoboa shimo kooni, chini ya mahali panapoziba, apumulie hapo usiku.

Mwaka 1980, huko Sydney, Australia, daktari mmoja aitwaye Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa aliyekuwa atobolewe koo. Akamwomba kwanza wajaribu kitu kingine. Alimwekea kifuniko puani, akakiunganisha kwa bomba na mota ya kupuliza hewa. Hewa ile haikuwa dawa wala oksijeni. Ni hewa hii hii ya kawaida, ila ilisukumwa kwa nguvu kidogo ili koo lisianguke, kama vile mti wa katikati unavyoshikilia hema. Mgonjwa alilala. Mwaka 1981 Sullivan na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 5. Mashine za namna hiyo leo zinaitwa sipapu, na ndizo tiba kuu ya ugonjwa huu duniani.

Mwaka 1993, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, watafiti waliwapima usiku wafanyakazi 602 wa serikali, watu wa kawaida wenye umri wa miaka 30 hadi 60. Waliona kwamba katika kila wanaume 100, 24 pumzi zao zilikatika mara 5 au zaidi kwa saa, na katika wanawake 100, 9. Wale ambao walikuwa pia na usingizi wa mchana walikuwa 4 kwa 100 kwa wanaume na 2 kwa 100 kwa wanawake. Huo si ugonjwa wa watu wachache.

Shamba la maonyesho

Sasa mtu atasema: mashine imepatikana, wagonjwa wanalala, utafiti zaidi wa nini? Hapa nataka tukae kidogo.

Bwana shamba akileta mbegu mpya hasemi "pandeni tu". Bwana shamba mzuri anachukua shamba moja, anagawa vipande, hapa mbegu mpya, hapa mbegu ya zamani. Udongo mmoja, mvua moja, palizi moja. Mavuno yakitofautiana, tunajua ni mbegu. Asipofanya hivyo, akapanda mbegu mpya penye rutuba na ya zamani penye mawe, hatujui lolote, hata kama mahindi ni marefu kama mlingoti.

Utafiti wa tiba hufanywa hivyo. Wagonjwa wanagawanywa kwa kura ya bahati, si kwa kupendelea wala kwa kuangalia nani mgonjwa zaidi. Kundi moja linapata tiba mpya, lingine tiba ya kawaida, au kitu cha kuigiza kisicho na nguvu. Kisha wanahesabiwa wote, waliopona na waliokufa.

Msidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao. Zamani mgonjwa wa TB alitibiwa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na wengi waliacha dawa njiani wakaanguka tena. Kuanzia mwaka 1970 madaktari wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, walijaribu tiba ya miezi 6 katika hospitali za Kenya na nchi jirani. Wagonjwa waligawanywa katika makundi manne. Wote walipata sindano ya streptomaisini na vidonge vya isoniazidi. Kundi moja liliongezewa rifampisini, lingine pirazinamidi, la tatu thiasetazoni, la nne halikuongezewa kitu. Miezi 6 ilipokwisha, wengi mno katika makundi yote manne makohozi yao yalikuwa safi. Kama wangeacha kuhesabu siku hiyo, wangesema dawa zote ni sawa. Lakini waliendelea kuwafuata. Katika waliopata rifampisini, ugonjwa uliwarudia 3 kwa 100. Pirazinamidi, 8 kwa 100. Thiasetazoni, 22. Wasioongezewa kitu, 29.

Dozi ya miezi 6 ambayo hutolewa bure katika vituo vyetu vya serikali, ambayo imeokoa watu wa nyumba zetu, mizizi yake iko hapo. Wale wagonjwa wa miaka ya 70 walikuwa watu kama sisi, wakulima na vibarua, na sidhani kuna hata mmoja aliyewekewa jiwe la ukumbusho.

Turudi kwenye mashine ya hewa. Mwaka 1997 wachunguzi wa Uingereza walikusanya tafiti zote za wakati ule, wakasema wazi kwamba ushahidi kuwa mashine inasaidia ulikuwa hafifu. Madaktari wa usingizi walikasirika sana, maana waliona wagonjwa wao wakipata nafuu kila siku. Lakini hasira si jibu. Jibu lilitoka Oxford mwaka 1999. Wanaume 107 walipigiwa kura. Nusu walipewa mashine yenye hewa ya kutosha, nusu mashine iliyofanana kabisa lakini hewa yake ilikuwa dhaifu mno kufungua koo. Baada ya wiki 4, waliopata hewa ya kutosha usingizi wa mchana ulipungua zaidi sana kuliko wenzao. Hapo mabishano yakapoa. Nawasifu wale waliosema ushahidi ni hafifu, kwa sababu bila ukaidi wao pengine jaribio lile lisingefanywa.

Mambo ambayo hayakwenda kama yalivyotarajiwa

Iliaminika kwamba kwa kuwa ugonjwa huu huchosha moyo, mashine itazuia pia kiharusi na kufa ghafla. Maneno hayo yana akili. Basi walikusanywa watu 2,717 wa nchi 7, wote wakiwa tayari na ugonjwa wa moyo au waliwahi kupata kiharusi. Walifuatwa kwa karibu miaka 4. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: waliopewa mashine walipatwa na matatizo ya moyo na mishipa 17 kwa 100, na wasiopewa 15 kwa 100. Tofauti hiyo ni ndogo, huwezi kusema mashine iliwadhuru, lakini haikuwakinga. Ilichofanya ni kupunguza kukoroma na usingizi wa mchana, na kuwapa moyo mkunjufu. Wengine hudai ni kwa sababu walivaa mashine saa 3 na kidogo tu kwa usiku. Inawezekana. Mimi nasema ukweli ulioonekana ndio huo.

Jambo lililonishtua zaidi lilitangazwa mwaka 2015. Kuna wagonjwa wa moyo ambao pumzi yao hukatika si kwa sababu ya koo, bali ubongo wenyewe husahau kuamuru kifua kipumue. Ikatengenezwa mashine ya kisasa zaidi inayowasaidia kupumua pumzi ikipungua. Usiku pumzi zao zilinyooka vizuri kabisa. Lakini katika utafiti wa watu 1,325, waliotumia mashine ile walikufa 35 kwa 100 na wasiotumia 29 kwa 100. Pumzi ilitengenea lakini watu wakafa zaidi. Madaktari waliacha kuwapa mashine hiyo wagonjwa wa moyo wa aina ile. Isingekuwa kura na hesabu, ingeendelea kutolewa, na kila familia ingesema tu kwamba moyo wake ulichoka.

Oksijeni nayo ina hadithi kama hiyo. Mwaka 1981, Uingereza, wagonjwa 87 wa mapafu sugu wenye oksijeni ya chini sana waligawanywa. Nusu walipewa oksijeni nyumbani saa 15 kwa siku, usiku ukiwamo. Katika miaka 5 walikufa 19 kati ya 42 waliopewa, na 30 kati ya 45 wasiopewa. Watu wakaamini oksijeni ni nzuri kwa kila mwenye mapafu mabaya. Lakini mwaka 2016 huko Marekani watu 738 ambao oksijeni yao ilikuwa imeshuka kwa kiasi tu walijaribiwa, na haikuwaongezea maisha wala kuwapunguzia kulazwa. Kwa hiyo familia inayotaka kuuza ng'ombe inunue mtungi au mashine ya oksijeni, imwulize daktari kwanza: kipimo chake ni kiasi gani, na je, yuko katika wale wanaofaidika?

Na kwa vikundi vinavyotengeneza majiko ya kuni, kuna jambo la Malawi. Watoto 10,750 wa chini ya miaka 5 walifuatwa. Nyumba zingine zilipewa majiko bora yenye feni, zingine zikaendelea na mafiga. Matokeo yalitoka mwaka 2016: nimonia haikupungua. Moshi haukutoka jikoni peke yake, ulitoka kwa takataka zinazochomwa, kwa sigara, kwa jirani. Majiko yenu yanaokoa kuni na macho ya mama, endeleeni kuyatengeneza. Ila msimwambie mnunuzi kwamba mtoto wake hatapata nimonia.

Kwa nini mtu wa kwetu ahesabiwe

Kile kifaa kidogo cha kubana kidole kinachopima oksijeni, ambacho tulikizoea wakati wa korona, hupima kwa kupitisha mwanga katika ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walilinganisha namba za kifaa hicho na damu yenyewe iliyotolewa kwenye mshipa. Kwa wagonjwa weusi kifaa kilisema "sawa" huku oksijeni iko chini, karibu mara 3 zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Vifaa hivyo vilikuwa vimetumika miaka mingi, na wengi wa watu waliopimwa navyo mwanzoni hawakuwa na ngozi kama yetu. Kwa hiyo mgonjwa wako akihema sana na kidole kinasema 94, mwambie muuguzi amtazame mtu, asitazame namba tu.

Hata tafiti nyingi za usingizi nilizozitaja zilifanywa Ulaya, Amerika na Australia. Kukataa kila mtafiti anayekuja kuna gharama yake, na gharama hiyo tunailipa sisi.

Nyumbani na zahanati

Kipimo kamili cha usingizi, cha kulala na nyaya mwilini, kinapatikana katika hospitali chache kubwa, hasa mijini, na ni ghali. Sipapu nayo ni ghali na inahitaji umeme usiku kucha. Sitawaficha hilo. Lakini kuna mengi ya kufanya kabla ya kufika huko.

Anayelala karibu na mgonjwa ndiye shahidi wa kwanza. Ahesabu: kimya kinachukua muda gani kabla ya kushtuka? Kama nyumba ina simu ya kurekodi, arekodi dakika chache na kumwonyesha klinikal ofisa. Video hiyo inasema mengi kuliko maneno. Pima shingo kwa futi ya fundi cherehani. Ikizidi sentimita 40 ni dalili mojawapo, ikichanganyika na kukoroma, uchovu wa mchana, presha na umri wa zaidi ya miaka 50. Mwenye dalili nyingi asiendeshe gari akiwa na usingizi, na kabla ya kupasuliwa kwa sababu yoyote amwambie daktari wa dawa ya usingizi.

Kulala ubavu husaidia wengi ambao pumzi hukatika wakilala chali. Njia ya zamani ni kushona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira mdogo. Akigeuka chali unamsumbua anarudi ubavu. Pombe ya usiku iachwe. Kwa mnene, kupunguza uzito hupunguza ugonjwa wenyewe. Mwaka 2024 Marekani waliruhusu sindano ya kupunguza uzito, tirzepatide, iwe dawa ya ugonjwa huu kwa watu wanene sana, lakini kwa bei yake bado iko mbali na mifuko yetu.

Watoto nao tusiwasahau. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi, anayehangaika kitandani na darasani hatulii, pengine mafindofindo yake, yaani matonsili, yamekuwa makubwa. Je, apasuliwe? Mwaka 2013 Marekani walitangaza utafiti wa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9. Waliopasuliwa mapema, pumzi zao za usiku zilikuwa za kawaida baada ya miezi 7 kwa 79 kati ya 100. Walioachwa wakiangaliwa tu, 46 kati ya 100 walipona bila kisu. Kwa hiyo kupasua kunasaidia, lakini si kila mtoto wa kukimbizwa huko, apelekwe apimwe. Na kukata kimio au mafindo nyumbani kwa wembe ni hatari tupu, msikubali hata kama nyanya anasisitiza.

Wakija na fomu

Watafiti wakiingia kijijini kwa kawaida watapitia kwa chifu, na kwa mhudumu wa afya wa jamii. Hiyo ni adabu. Lakini ruhusa ya chifu ni ya kuingia tu. Haimfungi mtu yeyote kushiriki. Hali kadhalika mwenyekiti wa kikundi hawezi kutia sahihi kwa niaba ya wanachama. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu vikundi vyetu vimezoea kupitisha mambo kwa kupiga makofi, na mambo ya mwili hayapitishwi kwa makofi. Kila mtu anaridhia peke yake. Asiyejua kusoma asomewe fomu kwa lugha anayoielewa mbele ya shahidi aliyemchagua yeye, kisha aweke kidole. Mtoto huridhiwa na mzazi, na akiwa mkubwa wa kuelewa naye aulizwe.

Ombeni kuona kibali cha NACOSTI na barua ya kamati ya maadili ya utafiti. Utafiti wa dawa mpya huhitaji pia idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mtafiti wa kweli hakasiriki akiulizwa karatasi hizi, hutembea nazo mkobani.

Halafu muulizeni: tutagawanywa kwa kura? Na mimi nikiangukia kundi lisilopata tiba mpya, nitapata nini? Damu yangu itapelekwa wapi, na itakaa huko miaka mingapi? Nikidhurika, nani atalipa hospitali? Nauli na chakula cha mchana ni haki yako, lakini ukiona pesa nyingi za kukuvuta, simama kidogo ufikiri. Unaweza kutoka katika utafiti siku yoyote bila kueleza sababu, na matibabu yako ya kawaida katika zahanati yaendelee vile vile. Mtu akikuambia ukitoka hutatibiwa, mripoti kwa kamati ile ya maadili. Namba yake ya simu lazima iwe kwenye fomu, na nakala ya fomu ubaki nayo nyumbani.

Jambo la mwisho la kuwauliza ni lini watarudi na matokeo, hata kama ni matokeo ya kwamba dawa haikufanya kazi. Tarehe watakayotaja, katibu aiandike katika kitabu cha kumbukumbu za kikundi pamoja na simu ya mkubwa wao, na siku hiyo ikipita bila habari, awapigie.